Sanduku Moja, Shule Mbili

Nilikuwa nimekwisha kushuka nusu ya mteremko wa Fizi, baiskeli haina breki, sanduku la Serikali limefungwa nyuma yangu kwa kamba za mpira, na wayo wa kandambili yangu unasugua gurudumu la mbele mpaka unatoa harufu. Kandambili ya mpira wa gari ndiyo ilikuwa breki. Kila safari ilikula kandambili moja. Profesa Sebasaza, mwalimu wa fizikia kule Baraka, aliwahi kuniambia kwamba jambo lile linaitwa msuguano, na kwamba liko katika programu ya mwaka wa nne. Nikafurahi kujua kwamba nimefika mwaka wa nne.

Ndani ya sanduku kulikuwa na maabara. Sisemi kwa mfano. Ilikuwa maabara nzima ya shule ya sekondari: hadubini ya kuonea vijidudu, mizani ya shaba na mawe yake, mirija, chupa, sumaku, vitu arobaini na sita, ndivyo ilivyosema karatasi iliyobandikwa ubavuni. Mimi nilikuwa sijaona hata kimoja. Na si mimi tu. Sanduku lilifika mwaka wa sabini na mbili, limefungwa kwa waya, na waya umebanwa kwa muhuri wa risasi, yale madini laini ya kijivu. Juu ya risasi kulikuwa na alama ya chui. Kulifungua kulihitaji procès-verbal, hati rasmi yenye sahihi za watu wanne: Inspecteur, Commissaire wa Zone, yaani mkuu wa wilaya, Préfet au mkuu wa shule ya chini kule Baraka, na Préfet wa shule ya juu kule Fizi. Siku moja ya mwaka wa sabini na tatu watu hao wanne walikutana kweli Fizi, wote, wamekaa chumba kimoja. Siku hiyo muhuri wa ofisi ulikuwa Uvira.

Sanduku lilikuwa moja kwa shule mbili. Watu wajinga wangegawa vitu: nyinyi chukueni hadubini, sisi tutachukua mizani. Lakini karatasi ilisema arobaini na sita, na shule yenye ishirini na tatu ni shule yenye upungufu. Kwa hiyo wale waliosoma wakagawa siku badala ya vitu. Inspecteur akija kukagua Baraka, sanduku liko Baraka. Anapokaa pale siku mbili kula samaki, sanduku linapanda mlima. Akifika Fizi, analikuta linamngoja chini ya picha ya Guide, Rais wetu, limefutwa vumbi. Karibu kila mwaka aliandika “vifaa kamili” mara mbili, ingawa kona ya sanduku ilikuwa na mkwaruzo mmoja tu na mkwaruzo ule ulikuwa ukisafiri pamoja nalo. Mwenye kulipandisha na kulishusha nilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa na baiskeli, na kwa sababu sikujulikana kukaa mahali pamoja.

Na hapo ndipo ulipokuwa ubaya wangu. Miaka miwili kabla ya safari hii nilikuwa nalipandisha sanduku, nikasikia watu wanaongea habari za dhahabu ya Misisi. Nikaliacha chini ya kitanda cha binamu yangu, nikaenda kuangalia dhahabu. Sikuiona. Niliporudi nilikuwa nimechelewa siku moja, Inspecteur amekwisha kupita, na shule ya juu imefungiwa section yake ya Maths-Physique, yaani mchepuo wa hesabu na fizikia, kwa kukosa vifaa. Ndani ya section ile alikuwamo mtoto wa dada yangu, Émilienne. Alikuwa mwaka wa tano. Alibeba godoro lake kichwani akashuka Baraka, akaanza tena mwaka wa tano katika shule ya chini, kwa sababu ndivyo shule ya chini ilivyotaka. Hakunilaumu. Alinisalimia vizuri tu, kila mara, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Sasa alikuwa mwaka wa sita, na Examen d'État, mtihani wa taifa, ilibaki wiki sita. Inspecteur alikuwa anakuja Baraka kesho. Asipolikuta sanduku, na muhuri wake mzima, angefunga section ya chini kama alivyofunga ya juu, na Émilienne asingekaa kwenye mtihani. Darasa la kushukia tena halikuwapo. Baada ya Baraka ni ziwa.

Basi nilishuka kwa adabu. Sikusimama kunywa, sikuuliza habari za dhahabu.

Chini ya mteremko kuna kijito na daraja la miti. Pale ng'ambo walikuwa wanafunzi wanane wa mwaka wa sita pamoja na ngoma, kwa sababu Préfet Mutambo wa shule ya chini aliamuru kwamba sanduku lipokewe kwa animation kama mgeni mkubwa. Walikuwa wanaimba na kukata kiuno kwa heshima ya Chama. Émilienne alikuwa mbele. Profesa Sebasaza alisimama kando, mtu mrefu mwembamba wa huko juu Minembwe, amekunja mikono kama mtu anayengoja mvua iishe. Watu wa Baraka walimtania kwamba hesabu alijifunza kwa ng'ombe. Yeye aliwajibu kwamba wao kusahau walijifunza kwa samaki.

Daraja lilikuwa la miti sita. Asubuhi ile lilikuwa la mitano. Nani alikuwa amechukua mmoja kwenda kupikia, sijui hadi leo.

Gurudumu la mbele likaingia katika nafasi ya mti wa sita. Mimi nilikwenda upande mmoja, sanduku upande mwingine. Lilipiga jiwe, waya ukakatika, kifuniko kikaruka, na nikasikia sauti ambayo Zone nzima ya Fizi ilikuwa imejizuia kuisikia kwa miaka minne.

Ngoma ikanyamaza. Kijana mmoja, Norbert, mtoto wa mvuvi, ndiye aliyesema kwanza. Wote waliniita mjomba kwa sababu ya Émilienne.

“Mujomba,” akasema, “umevunja Serikali.”

Émilienne hakupiga kelele. Alishuka mpaka majini, akaniangalia kama damu inatoka, akaona haitoki.

“Mujomba, hii njo mara ya pili.”

“Ni daraja, mama.”

“Ile siku ingine ilikuwa dhahabu. Leo daraja. Kesho itakuwa nini?”

Sebasaza alikuwa amekwisha kuingia kijitoni na viatu vyake. Hakunitazama mimi, hakutazama waya. Aliinama juu ya sanduku, akatoa karatasi iliyokuwa juu ya vitu vyote, imekunjwa vizuri, akaisoma kwa sauti: vifaa hivi vifunguliwe mara vinapopokelewa, ni vya kutumiwa na wanafunzi kila siku.

“Mwaka gani hiyo, Prof?” Norbert akauliza.

“Sabini na mbili.”

“Ah. Basi hatukuchelewa sana.”

Kisha wakaanza kuokota, na hapo niliona jambo la ajabu. Wale vijana hawakuwa wameona kitu hata kimoja cha sanduku lile, lakini waliviita vyote kwa majina yake ya Kifaransa. Sebasaza alikuwa amewachoresha kila kimoja ubaoni, mbele, ubavu na juu, pamoja na vipimo. Walikuwa wanatoa vitu majini kama watu wanaotambua ndugu zao kwa kusimuliwa.

“Éprouvette! Imevunjika. Éprouvette ingine! Imevunjika.”

“Hii njo ballon, ile chupa ya mviringo. Ilikuwa ballon.”

“Mizani! Prof, mizani iko! Mukono moja imepinda kidogo tu.”

Hadubini ilitoka na matope kwenye maungo, imebonyea shingo, lakini nzima. Émilienne aliifunga ndani ya kitenge chake kama mtoto mchanga. Vioo karibu vyote vilikuwa vimekwisha. Miaka minne vilitunzwa visije vikavunjwa na wanafunzi, na wanafunzi kweli hawakuvivunja.

Shuleni Préfet Mutambo alitungoja mlangoni, abacost yake ya kijivu, suti ya watu wa Chama, imefungwa mpaka kooni. Aliwaona wanane wanakuja na vitu vichwani, sanduku liko wazi, mimi nachechemea nyuma. Akakaa kwenye ngazi.

“Sitaki kujua nini ilivunjika,” akasema. “Ile muhuri iko muzima?”

“Vioo njo vimekwisha, Citoyen Préfet,” Sebasaza akasema. “Lakini hadubini na mizani—”

“Nimeuliza muhuri.”

Muhuri haukuwa mzima. Ulikuwa vipande viwili mkononi mwa Norbert. Mutambo akaviangalia kwa huzuni kubwa. Nafikiri hata kwa mkewe hakupata kuwa na uso ule.

“Turudishe vyote ndani tufunge,” akasema.

Sebasaza akalitikisa sanduku kidogo. Likalia vipande.

“Inspecteur ataitikisa,” Mutambo akakubali. “Kila mwaka anaitikisaka.”

“Basi tuweke mawe,” Émilienne akasema. “Tufunge na majani ya ndizi, haitalia. Kama hakuna mutu anafunguaka, iko na lazima gani ya kuwa na kitu ndani?”

Mutambo alimwangalia mtoto yule muda mrefu. Mwanzoni nilidhani atamfukuza. Kumbe alikuwa anajiuliza kwa nini yeye mwenyewe hakulifikiria mwaka wa sabini na mbili, akatuokoa sote na uzito.

Lililobaki lilikuwa muhuri. Norbert akakimbia kwao, akarudi na risasi ambazo baba yake hufunga chini ya nyavu ili zizame. Sebasaza akatazama zile risasi, akatazama jiko la makaa la mke wa mlinzi, akatazama wanafunzi wake wanane. Nikaona uso wake unabadilika.

“Toa madaftari,” akasema. “Andika: fusion.”

Nimepita shule nyingi katika maisha yangu, hakuna iliyonivumilia zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Nilisoma kidogo kwa Wamethodisti, kidogo kwa mapadri, kidogo ng'ambo Kigoma. Lakini somo ninalolikumbuka ni lile la alasiri ile, nimekaa juu ya ndoo, goti limevimba. Waliyeyusha risasi ndani ya kopo la sardini. Aliwauliza kwa nini haiyeyuki yote kwa pamoja, kwa nini inang'aa kisha inafifia, kwa nini kopo haliyeyuki. Waligombana. Alipoona wamegombana vya kutosha, aliwaambia. Kisha wakamimina. Kipande kilipopoa kikiwa bado laini, Mutambo alitoa mfukoni sarafu ya sengi kumi, ile yenye chui, maana chui wa muhuri alikuwa sawasawa na yule wa sarafu, hata mkia. Norbert akaigonga kwa nyundo. Chui akatokea juu ya risasi, mzuri kabisa. Katika miaka yao yote ya Maths-Physique ilikuwa mara yao ya kwanza kufanya jaribio kwa ruhusa ya Préfet, nalo lilikuwa la kughushi muhuri wa Serikali.

Hapo tu ndipo Sebasaza alipotoa vifaa vyake mwenyewe. Lazima niseme vilikuwa nini, kwa sababu ndivyo vilivyokuja kumponza. Mizani yake ilikuwa vifuniko viwili vya kopo la maziwa ya unga vinavyoning'inia kwenye kijiti cha tete. Mawe yake ya mizani yalikuwa kokoto za ziwa. Walizisugua kwenye mwamba mpaka kila moja ikalingana na maji yaliyopimwa kwa bomba la sindano kutoka dispensari. Kioo cha kukuzia kilikuwa balbu ya taa iliyoungua, imetolewa matumbo na kujazwa maji. Kwa vitu hivyo alifundisha miaka mitatu, huku maabara nzima ikipanda na kushuka mlima juu ya baiskeli yangu.

Émilienne alinyoosha mkono wa mizani ya shaba, akaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli yangu. Akaweka jiwe la shaba upande mmoja, kokoto upande mwingine. Wote wanane wakainama juu ya meza. Akaweka nyingine. Na nyingine.

“Hii ya gramu makumi mbili iko na uzito ya zaidi,” Sebasaza akasema. “Punje moja ya muchele. Nani aliisugua?”

“Njo mimi, Prof,” Norbert akasema.

“Endelea kusugua.”

Lakini alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Asubuhi wanafunzi walikuwa darasani kabla ya jua kuwa kali. Walikuwa wanachungulia maji ya ziwa kwa hadubini, kila mmoja zamu yake, wakicheka kama watu wanaosengenya. Mutambo alikuwa amemwambia Sebasaza afunike vitu vyote kwa gunia. Sebasaza alisema atafunika saa nne, Inspecteur akikaribia. Jeep ikapiga honi saa tatu.

Émilienne alitoka mbio kuja ofisini, ambako mimi nilikuwa nalifuta sanduku vumbi. Akausogelea muhuri mpya, akatoa mfukoni vipande vya ule wa zamani, akaviunganisha. Akageuka, uso umekuwa majivu.

“Mujomba. Chui yetu inaangalia ku mulango. Ile ya zamani iliangaliaka ku dirisha.”

Tulikuwa tumegonga sarafu juu ya risasi, na kitu kikigongwa hutoa picha yake ya kinyume, kama uso kwenye kioo. Wanafunzi wanane wa Maths-Physique, profesa mmoja na Préfet, hakuna aliyewaza. Muda wa kuyeyusha tena haukuwapo. Buti za Inspecteur zilikuwa kwenye ngazi.

Alikuwa mtu mfupi, abacost nyeusi, kalamu nne mfukoni. Zamani aliitwa Isidore, lakini siku zile jina la ubatizo lilikuwa kosa, na kumkumbusha lilikuwa kosa kubwa zaidi. Hata Émilienne kwenye daftari la shule alikuwa Apendeki. Inspecteur aliisalimu picha ya Guide, akamsalimu Mutambo, kisha akalisalimu sanduku kwa kulitikisa. Sanduku halikusema kitu. Akaridhika. Akavaa miwani, akainama, akagusa risasi kwa ukucha.

“Hii chui,” akasema.

Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

“Hii chui inaangalia upande gani?”

Mutambo alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye kola. Lakini hakufika kuwa Préfet kwa bahati.

“Inaangalia Kinshasa, Citoyen Inspecteur.”

Inspecteur akanyanyuka. Akautazama ukuta wa magharibi kama vile Kinshasa ingeweza kuonekana kupitia matofali. Akahesabu kitu kichwani.

“Na mwaka jana?”

“Mwaka jana sanduku ilikuwa imegeuzwa, Citoyen Inspecteur. Siye benyewe tuliirekebisha.”

Mwenye kusema sasa kwamba chui hapaswi kuangalia Kinshasa angepaswa pia kusema aangalie wapi.

“Muliirekebisha vizuri,” Inspecteur akasema, akatoa kalamu ya kwanza. Vifaa kamili, hali nzuri sana, muhuri haujaguswa.

Nilimwona Émilienne anaegemea mlango. Mtihani ulikuwa wake. Kama Inspecteur angeenda moja kwa moja kula samaki, hadithi hii ingeishia hapa, na mngesema huyu mzee anasimulia mambo mepesi. Lakini alitaka kusalimia darasa.

Wanane walisimama. Juu ya meza palikuwa pamejaa: vifuniko vya maziwa, balbu yenye maji, bomba la sindano, kokoto, tete, na katikati yake mizani ya shaba iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na hadubini yenye shingo iliyobonyea na matope ya kijito kwenye maungo. Gunia lilikuwa sakafuni, limekunjwa vizuri. Mimi niliangalia kupitia dirishani.

“Hii soko ni ya nini?” Inspecteur akauliza.

“Ni vifaa vya kufundishia,” Sebasaza akasema.

“Vifaa viko ku bureau. Nimetoka kuviona sasa hivi.”

Aliinyanyua hadubini kwa vidole viwili, kama mtu anayenyanyua panya kwa mkia.

“Na hii?”

Sebasaza akafungua mdomo. Mtu yule hakujua kusema uongo, na hiyo ni kasoro kubwa kwa mfanyakazi wa Serikali. Niliona kabisa ukweli unapanda kooni mwake: ni hadubini, Citoyen Inspecteur, ile ya namba moja kwenye karatasi yenu. Na ukishatoka, sanduku linafunguliwa, mawe yanaonekana, section inafungwa, na Émilienne anakwenda ziwani.

Émilienne akamtangulia.

“Tulijitengenezea siye benyewe, Citoyen Inspecteur. Recours à l'authenticité.”

Inspecteur akasita. Authenticité, yaani kurudia asili yetu, lilikuwa neno la Guide mwenyewe, neno lisilochezewa. Akaigeuza hadubini, akachungulia kwa chini, mahali pa kioo cha kumulikia, akaona jicho lake.

“Sioni kitu.”

“Iko ya kienyeji, Citoyen Inspecteur,” Norbert akasema kwa upole.

“Inaonekana kabisa. Hata shingo haikunyooka.” Akaiweka, akajifuta vidole. “Authenticité ndiyo. Uchafu hapana. Shule iko na vifaa vya kweli, vizima, na huyu mwalimu anajaza darasa na makopo! Bote, salongo ya kusafisha. Sasa hivi. Nataka kuona hii meza nyeupe.”

Nyuma ya shule palikuwa na shimo la takataka. Walikwenda kwa mstari, kila mmoja na mzigo wake, Inspecteur amesimama kando na kitambaa puani. Norbert alitupa kokoto zake moja moja. Sebasaza alitupa balbu mwenyewe, ikapasuka. Émilienne alikuwa wa mwisho, na hadubini mikononi. Alipiga magoti ukingoni, akataka kuishusha taratibu.

“Tupa!”

Akatupa. Nilisikia inavyogonga. Kisha wakaambiwa wamwage udongo, wakamwaga.

Inspecteur aliandika palepale, akasoma kwa sauti ili sote tufaidike: mwalimu Sebasaza anadharau vifaa vya Serikali kwa kufundisha na takataka, ahamishwe. Kisha Mutambo akamshika mkono kwa heshima, akamwambia kuna samaki kuhe mkubwa ametoka ziwani asubuhi na pilipili iko tayari.

Walipofunga tu mlango wa nyumba ya Préfet, wanane walirudi shimoni na majembe. Sebasaza alichimba pamoja nao. Mimi nilikuwa pembeni nafunga sanduku kwenye baiskeli, maana shule ya juu ilikuwa inangoja zamu yake. Mizani ilitoka imepinda zaidi ya jana. Hadubini ilitoka bila kioo cha chini.

“Prof,” Émilienne akasema, udongo mpaka viwikoni. “Ningeacha useme kweli?”

“Ningesema, ningehamishwa hivi hivi. Na wewe haungekuwa na mutihani.” Akapuliza mchanga kwenye hadubini. “Kinakosa kioo tu. Niko na cha kunyolea. Kule banapeleka mimi, hakuna mutu wa kunyolea ndevu.”

“Pole, Prof.”

“Pole ya nini? Ulijibu muzuri. Mbaya tu ni ile ya chui. Picha ya kinyume ni ya mwaka wa tatu. Mutu wa mwaka wa sita hapaswi kukosa ile.”

Akampa kokoto ambazo walikuwa wamezipata, akazihesabu mara mbili, akaenda kufunga vitabu vyake.

Nikasukuma baiskeli kuelekea Fizi. Ni kazi ngeni kidogo, kubeba mawe kuyapeleka mlimani. Lakini barabara ilikuwa ile ile na uzito ulikuwa ule ule, na kwa kweli mgongo wangu haukuona tofauti yoyote ya kisayansi. Safari hii niliogopa mteremko kuliko zamani. Sasa ndani kulikuwa na kitu kisichovunjika, lakini kama muhuri ungevunjika hakuna risasi iliyobaki.

Shule ya juu ilikaguliwa siku ya tatu. Vifaa kamili. Chui alikuwa anaangalia jikoni, lakini Inspecteur alikuwa amekwisha kuuliza swali lile mara moja.

Émilienne alifanya mtihani wiki sita baadaye, akapata asilimia hamsini na saba. Jina lake lilisomwa kwenye redio, wakakosea kulitamka. Anafundisha hesabu Kalemie. Mizani ya shaba iko juu ya meza yake, na wanafunzi huivunja karibu kila mwaka.

Norbert alishindwa, akarudia, akapita. Aliishia Misisi, anawapimia watu dhahabu. Wanasema mawe yake ya mizani ni sahihi.

Sebasaza alipelekwa kwenye shule ya msingi nyuma ya Minembwe, siku mbili kwa miguu kutoka barabarani. Alifundisha huko miaka kumi na moja, akafa kwa mapafu. Alikuwa na ndevu.

Mutambo alifanywa Inspecteur. Yule Inspecteur alipewa medali, akastaafu Bukavu.

Hadubini ilifanya kazi miaka mitatu kwa kioo cha kunyolea. Kisha Préfet mpya akaikuta, akaona ni kitu cha thamani, akaifungia kabatini. Ufunguo ulipotea.

Mimi nilibeba lile sanduku miaka mingine mitano, kisha nikaenda zangu Kigoma. Mchwa wamekula mbao za sanduku. Mawe bado yako kwenye kona ya ofisi ya shule ya juu, na waya juu yake, na muhuri.